Mgeni elfu 25, mwenyeji elfu 45

"Mwanangu, kwani mimi nimekukosea nini?"

Hivo ndivo alivoanza, bila salamu, na yule mama, mteja wetu wa mfumo wa duka, sio mtu wa kuacha salamu. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Juni 2022 asubuhi, niko kwenye daladala natoka Sinza naenda mjini, simu ikaita nikaona jina lake nikadhani printa imegoma tena. Kumbe jana yake jioni wakati wanafunga maduka alikuwa amekaa na jirani yake wa fremu ya pili, wote wawili wanauza vipodozi kwa jumla pale Kariakoo na wote wanatumia mfumo wetu, wakawa wanapiga hesabu za mwezi, kodi ya fremu, umeme, vijana wa dukani, chai, walipofika kwenye mfumo jirani akasema elfu 25 na yeye akasema elfu 45. Wakadhani mmoja amesahau. Wakafungua simu wakaangalia meseji za malipo, hakuna aliyesahau.

Kilichonikaba koo zaidi ni kwamba huyo jirani tulimpata kupitia huyo huyo mama. Yeye ndo alimwonyesha mfumo unavofanya kazi, akampa namba yangu, akamwambia hawa vijana ukiwapigia wanakuja. Yani katuletea mteja, sisi tukampa yule mteja bei nzuri kuliko yake yeye. Pale kwenye daladala sikuwa na la kusema, nikamwambia tu mama naomba nije dukani leo.

Kwa asiyejua hii kazi, sisi tunauza mfumo wa duka. Unaingiza mzigo, unauza, mfumo unapunguza stoki wenyewe, jioni unaona umeuza nini, faida kiasi gani na nani unamdai. Tulianza 2014 watu wawili, mimi na mwenzangu, chumba kimoja Sinza, kompyuta mbili na moja ya kuazima. Wakati ule mashine za EFD za TRA zilishaingia madukani, zilianza 2010, na wafanyabiashara wengi wakawa wanaona ile mashine inatosha, wakati kazi yake ni kutoa risiti ya kodi, haikwambii kwamba katoni tatu za mafuta ya nywele zimetoka stoo na hela yake haijaingia. Mali bila daftari huisha bila habari, sisi tulikuwa tunauza daftari basi.

Bei yetu ya kwanza ilikuwa laki 4, unalipa mara moja, tunakufungia, tunamfundisha kijana wako siku mbili, na kwenye risiti tulikuwa tunaandika kwa mkono kabisa "leseni ya kudumu, huduma bure". Tuliandika yale maneno kwa roho safi. Tulikuwa vijana, tunataka kazi, na mtu ukimwambia kila mwezi atakuwa anatoa hela anakuangalia kama unataka kumpangishia kompyuta yake mwenyewe.

Hapa nataka nikae kidogo maana watu wengi wanaoanza biashara ya mifumo wanaingia shimo hili hili, na wakiingia wanadhani tatizo lao ni wateja wakorofi. Laki 4 ilikuwa tamu mwaka wa kwanza na wa pili. Wateja 20, wateja 50, kila mmoja akija anakuja na laki 4 yake. Lakini yule mteja wa kwanza anaendelea kupiga simu. Kompyuta imekufa anahamia nyingine, tunaenda. Kijana aliyefundishwa ameacha kazi, kaja mwingine, tunaenda kufundisha upya. Umeme umekatika katikati ya mauzo faili limeharibika, tunaenda. Ilipofika 2017 tulikuwa na maduka kama 130 na simu zinaanza kulia saa 2 asubuhi, na hakuna hata mmoja kati ya hao anayetuingizia shilingi mpya. Tukawa tunakula hela ya mteja mpya kumhudumia mteja wa zamani. Mwezi ambao hatujapata wapya hatuna nauli ya kwenda kwa wa zamani, ndo hapo mtu anakupigia mara tatu hupokei, unamwambia niko Morogoro na uko Magomeni.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba bei ya chini ndo bei ya haki. Ile laki 4 ilikuwa bei nzuri kwa mteja siku ya kununua tu. Miaka miwili baadaye alikuwa amebaki na mfumo ambao mwenyewe hana uwezo wa kuutunza. Kuna maduka nimewahi kuingia nikakuta mfumo wa jamaa mwingine, ofisi ilishafungwa, simu haipatikani, duka limekwama na stoki ya miaka mitatu ndani, na mwenye duka alinunua kwa bei chee kweli.

Basi 2019 tukaamua kwenda kwenye malipo ya mwezi. Tukakaa tukapiga hesabu tukapata elfu 45. Kuamua hakukuwa kosa, kosa lilikuwa kwenye jinsi tulivosema. Tulituma SMS ya pamoja kwa wote, kuanzia mwezi ujao kila duka litalipa elfu 45, asante kwa kuendelea kutuamini. Mistari miwili. Kesho yake mzee mmoja wa spea za pikipiki akafunga safari mwenyewe mpaka ofisini Sinza, hakupiga simu, amevaa kanzu yake safi, akatoa kwenye bahasha ile risiti ya 2015, imekunjwa vizuri imefanyiwa laminesheni, akaiweka mezani. "Soma hapo kijana wangu." Nikasoma. Mwandiko wangu mwenyewe. Leseni ya kudumu, huduma bure.

Hakugomba. Akauliza kudumu maana yake nini.

Wiki ile na mimi nilikuwa nakumbuka kitu kilichowahi kuwatokea JetBrains, wale wanaotengeneza programu ambazo sisi tunaoandika mifumo tunafanyia kazi kila siku. Septemba 2015 walitangaza kwamba kuanzia sasa ni kulipia kwa muda tu, ukiacha kulipa programu inazima. Watumiaji wakachachamaa, mimi nikiwa mmoja wao japo nilikuwa mdogo tu huku, na ndani ya wiki chache wakarudi na mpango mwingine, kwamba ukishalipa mwaka mzima kuna toleo linabaki la kwako hata ukiacha kulipa. Mimi nililipokea lile kwa furaha kama mteja, halafu miaka minne baadaye nimekaa upande wa pili wa meza nafanya kile kile kilichoniuma. Mzee alipotoka tukakubaliana na mwenzangu: wote wenye risiti ya leseni ya kudumu, mfumo walioununua unaendelea kufanya kazi mpaka kompyuta iishe, hatuwagusi. Anayetaka matoleo mapya, bakapu ya mtandaoni yani nakala ya akiba ya data yake, na fundi kuja dukani, huyo analipa mwezi. Tulimpigia kila mmoja kwa simu kumwelezea, ilituchukua karibu mwezi mzima. Wengi wao wakaja wenyewe kwenye malipo ya mwezi, na yule mzee alikuwa wa kwanza kwanza. Alichokuwa anataka ni kuona maandishi yake yanaheshimiwa.

Mama wa vipodozi yeye alijiunga Desemba 2019, mmoja wa wale wa mwanzo kabisa kulipa kwa mwezi. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Tarehe 1 asubuhi hela iko kwenye Lipa Namba yetu kabla sijaamka, mpaka 2020 ile miezi ya corona wakati maduka yalikuwa makavu na mzigo wa China hauji.

Sasa mwisho wa 2021 akaingia mshindani, mfumo wa kwenye simu, anauza elfu 20, ana vijana wa mauzo wanazunguka mtaa hadi mtaa na fulana. Tukaogopa. Kuanzia Januari 2022 tukaweka ofa, mteja mpya elfu 25 kwa mwaka mmoja. Kwa miezi mitano tukapata wapya 64, hatukuwahi kupata watu wengi hivo kwa mda mfupi, tukawa tunajipongeza. Na wale wa zamani 118 hatukuwaambia kitu. Hatukukaa tukasema jamani tuwafiche, ni kwamba hakuna aliyeuliza, kila mmoja analipa vizuri, ukimwambia si unajiharibia mwenyewe. Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu ilikuwa mgeni anakuja mwenyeji anaumia, na anaumia bila kujua.

Nikafika dukani kwake kama saa 5. Nikamwamkia shikamoo akaitikia, akanionyesha boksi nikae, akaendelea kuhudumia wateja wake nusu saa nzima bila kuniangalia. Alipomaliza akaniambia maneno ambayo nayabeba mpaka leo, nayaweka kama alivosema kwa jinsi ninavokumbuka. Akasema elfu 45 haijamshinda, hata ingekuwa 50 angelipa maana mfumo unamsaidia, ila hataki kuwa mjinga peke yake. Halafu akanionyesha katoni mbili zilizofungwa kwa kamba pembeni, mzigo wa mteja wake wa Tunduma.

"Huyu hajaja," akasema. "Katuma hela kwa simu tu. Yule aliyetoka hapa sasa hivi kashika mzigo, kanusa, kakagua tarehe, kabishana bei mpaka kapunguziwa. Huyu wa Tunduma haoni. Sasa kwa sababu haoni ndo nimfungie mbovu? Mimi yule asiyeona ndo namfungia vizuri zaidi, na bei namwekea ile ya mwisho ambayo huyu kaipata kwa kubishana. Siku akijua nimemwibia, huyo hata mali kauli hatonipa tena, na watu wa Tunduma wote wanajuana."

Mali kauli kwa wasio wa Kariakoo ni ile mtu anakuachia mzigo kwa neno lako tu, unauza halafu unamletea hela. Biashara nzima ya pale imesimama juu ya hiyo. Na nikaelewa pale pale nimekaa kwenye boksi kwamba yule mama alikuwa ananipa mimi mali kauli yake kila tarehe 1, miezi 30, milioni 1 na laki 3 na elfu 50, bila kuuliza wengine wanalipa ngapi. Aliacha kuangalia bei kwa sababu alishaniamini. Na sisi tulipoona haangalii ndo tukamchaji.

Hili ndo jambo lenyewe ambalo nilitaka kuliandika siku zote. Watu wa biashara tunapenda sana kusema mteja mwaminifu, mteja mwaminifu, kama vile uaminifu ni mali yake yeye anatuletea. Mteja akikaa na wewe miaka mitano maana yake ameacha kukulinganisha, amekukabidhi macho yake, wewe ndo unatakiwa uangalie kwa niaba yake kama bado anapata bei ya haki. Mteja mpya ana macho yake mwenyewe, ameshazunguka maduka matatu kabla hajakupigia, yule hadhuriki kirahisi. Ukimpa punguzo mwenye macho na ukamwongezea aliyefumba, utasema ni mbinu ya soko, mimi naita jina lingine.

Nikarudi ofisini. Mwenzangu hakukubaliana na mimi na nataka niwe mkweli kwamba hoja zake zilikuwa nzito. Akasema kati ya 118 amelalamika mmoja. Akasema kampuni za simu zinafanya hivo kila siku, ving'amuzi vinafanya hivo, laini mpya inapewa bando la bure na wewe wa miaka kumi hupewi. Akasema tuna mishahara ya vijana wawili na kodi ya ofisi. Tukakaa mpaka usiku na karatasi. Tulikuwa tunaingiza milioni 5 na laki 3 na elfu 10 kutoka kwa wa zamani na milioni 1 na laki 6 kutoka kwa wapya. Tukiweka bei moja ya elfu 35 kwa wote tunapoteza laki 5 na elfu 40 kwa mwezi. Lakini wapya tuliwaahidi elfu 25 kwa mwaka, na ahadi ni ahadi, hatuwezi kurekebisha dhuluma kwa kuvunja neno lingine, kwa hiyo mpaka mwaka wao uishe pengo ni milioni 1 na laki 1 na elfu 80 nikikumbuka vizuri ile karatasi. Juu ya hapo kuna miezi mitano ambayo wa zamani walilipa elfu 20 zaidi kila mwezi. Laki moja kila duka. Mara 118 ni milioni 11 na laki 8. Hatukuwa nayo, hata nusu yake.

Kilichomfanya mwenzangu abadilike sio maneno yangu. Aliniuliza, kwani yeye mama alisema anataka nini, nikamwambia hajataka kitu, amesema tu hataki kuwa mjinga peke yake. Akanyamaza sana. Mama yake mwenzangu alikuwa na genge Tandika.

Tukafanya hivi. Bei ya wa zamani ikashuka elfu 35 mwezi ule ule. Ile laki moja tukairudisha kwa miezi, kila duka la zamani likapewa miezi mitatu bila malipo, ila kwa kupishana, mwezi mmoja kila baada ya miwili, ili tusife njaa kwa pamoja. Kwa karibu miezi tisa tulikuwa tunaingiza kama milioni 4 na laki 3 na kitu, vijana wakapata mishahara yao kamili, sisi wawili tukawa tunachukua kinachobaki na kuna mwezi hakikubaki. Na tukampigia kila mmoja, safari hii sio SMS. Tukasema tulikuwa tunawauzia wageni kwa elfu 25 na nyie hatukuwaambia, tumekosea, hiki ndo tunachorudisha. Wengine walicheka wakasema sawa. Mmoja wa hardware Mbagala alikasirika kuliko alivokuwa kabla hajajua, akaondoka, na alikuwa na haki yake. Wapya nao mwaka wao ulipoisha na bei ikawa 35 wakaondoka saba. Nasema haya ili mtu asidhani ukifanya haki siku hiyo hiyo hela inamwagika.

Jambo la punguzo lilitusumbua mda mrefu baada ya pale, maana Kariakoo bila kubishana bei mtu anaona umemdharau. Tulichokuja kuona ni kwamba kubishana kwenye katoni ya sabuni hakuna ubaya, mko wawili, mzigo uko katikati, mnaachana. Kwenye kitu cha kila mwezi kwa miaka inakuwa ni kumpa zawadi mwenye mdomo na kumtoza mpole, na wapole ndo wengi na ndo wanaokaa. Kwa hiyo tukabakiza mapunguzo mawili tu na yamebandikwa ukutani ofisini na kwenye kila risiti: ukilipa mwaka kwa pamoja tunakupunguzia miezi miwili, na duka la pili la mtu yule yule ni nusu bei. Yeyote anaweza kuyapata, hata aliyejiunga 2019, hata anayejiunga kesho. Mtu akija na bei ya mshikaji tunamwonyesha ukuta.

Kuna kosa lingine ambalo halihusu bei moja kwa moja lakini kwangu ni ndugu wa lile lile. Tulikuwa tumeweka kufuli kwenye mfumo. Kila asubuhi ukiwasha unaulizia seva, ile kompyuta yetu ya mbali kwenye mtandao, kama duka limelipa, seva ikisema ndiyo unafunguka. Mei 2023 wakati wafanyabiashara wa Kariakoo wamefunga maduka kwa mgomo, tukaongeza siku za kulipa kwa wote tukaona tumekuwa wema. Kufuli tukaliacha. Halafu Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zikakatika, EASSy na Seacom, nchi nzima mtandao ukawa wa kuombea. Jumatatu asubuhi watu wanafungua maduka, mfumo unaulizia seva, seva haipatikani, mfumo unafunga. Waliolipa wote wamefungiwa nje. Simu zililia mpaka betri ikaisha. Yule mzee wa spea alinipigia akasema kwa upole wake ule ule, kijana wangu mimi nimelipa, na foleni ninaisikia nyuma yake. Unajua kwa nini kufuli lilikuwepo? Kwa sababu ya watu wanne au watano wasiolipa. Kwa kuogopa watano tukawafungia wote. Tulizunguka kwa miguu na bodaboda na flashi siku mbili tukiondoa lile kufuli duka kwa duka na halijarudi tena. Sasa hivi usipolipa mwezi, kuuza unauza kama kawaida, tunachosimamisha ni bakapu na matoleo mapya mpaka tutapoongea. Wasiolipa bado ni wanne watano wale wale.

Na data nayo. Famasi moja ilitaka kuhamia mfumo mwingine, yule dada mwenye famasi akaomba orodha ya dawa zake, bei na madeni ya wateja, kijana wetu akawa anamzungusha, kesho, wiki ijayo, mtaalamu hayupo. Mimi sikumtuma kufanya hivo lakini sikuwahi kumwambia asifanye, na alikuwa anaiga kile alichoona tunakifurahia, mtu asiondoke. Dada akaja akaniambia bro, hizo dawa ni zangu, madeni ni yangu, wewe ulikuwa unanitunzia tu. Nilitoka jasho. Tukatengeneza kitufe kimeandikwa "Toa kumbukumbu zangu zote", ukibonyeza unapata mafaili ya Excel hapo hapo, hauombi mtu. Mwenzangu alisema tumefungua mlango watu watoke. Kweli wako waliotoka, dada wa famasi hajarudi mpaka leo na tukikutana tunasalimiana vizuri. Ila waliobaki sasa najua wamebaki kwa kutaka. Zamani nilikuwa sijui. Nilikuwa nahesabu watu 180 najiita nina wateja waaminifu wakati huenda nusu yao walikuwa wamekwama tu.

Kupandisha bei kupo, sitaki mtu aelewe kwamba haki ni kutopandisha. Ila pandisha kwa sababu ya kweli. Seva zetu tunalipa kwa dola, kama dola 280 kwa mwezi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa inacheza kwenye 2,300, katikati ya 2024 ilishavuka 2,600. Mjini kila mtu akawa anapandisha anasema dola, dola. Na sisi tukatamani, tupandishe elfu 10, nani atabisha? Nikachukua karatasi. 280 mara 2,300 ni laki 6 na elfu 44. Mara 2,620 ni laki 7 na elfu 33 na mia 6. Tofauti elfu 89 na mia 6. Gawa kwa maduka 182. Haifiki shilingi 500 kwa duka. Yani kilichopanda kwangu kwa sababu ya dola ni bei ya maandazi mawili, na nilikuwa nataka kumwambia mtu kwamba dola ndo imenilazimisha kumwongezea elfu 10. Hatukupandisha. Mwisho wa mwaka ule shilingi ikapata nguvu tena na sikusikia hata mmoja mjini akishusha.

Tulipandisha 2025, kutoka 35 kwenda 40, sababu ni mishahara, vijana wetu wawili walikuwa hawajaongezwa tangu 2021 na mmoja amepata mtoto. Tuliwaambia wateja miezi minne kabla, kwa voisi ya WhatsApp kwa sauti yangu mimi mwenyewe, sababu tukaisema hivo hivo ilivo, mishahara ya vijana mnaowajua kwa majina wanaokuja dukani kwenu. Na bei ikapanda kwa wote siku moja, wa zamani na mpya. Nilitegemea kelele. Mzee wa spea alijibu kwa voisi fupi, akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume.

Mwezi uliopita mama wa vipodozi alinipigia tena. Siku hizi akipiga bado moyo unaruka kidogo. Akasema fremu ya mbele yake kaingia mpangaji mpya, kijana wa vifaa vya simu, anaandika mauzo kwenye daftari la shule na wafanyakazi wanamla.

"Nimwambie bei gani?"

"Elfu 40 mama, ile ile yako."

"Hakuna ofa?"

"Akilipa mwaka mzima tunamtoa miezi miwili, na wewe pia ukilipa mwaka."

Akanyamaza kidogo, nasikia anahesabu na kalkuleta yake.

"Haya. Na mimi nitalipa mwaka basi. Ngoja nimvushe huyu mtoto barabara aje aone kwangu kwanza."